Matambara Chini ya Mlango

Mwanangu Tatu,

Kutoka pale feri mpaka Kimbiji hakuna mtu aliyewahi kuokoa umeme kama mie baba yako. Waulize. Nimezima viyoyozi vingi kuliko matajiri walivyovinunua. Nikipita nje ya nyumba, kwa sikio tu najua mashine inampoza mtu au inapoza godoro. Siku serikali ikiamua kujenga sanamu ya mtu aliyeihurumia mita ya luku, watakuja hapa Kigamboni na futi kunipima kichwa.

Haya, acha kucheka, mama yako atauliza unacheka nini. Ni uongo. Ingekuwa kweli, kesho usingepanda ndege. Kesho ungekuwa unatandika mashuka kwenye apatimenti ya juu, unanilalamikia kwamba naingia na mchanga kwenye korido. Unaenda Maskati kwa sababu ya matambara yangu. Wewe unajua na mie najua. Asiyejua ni mwenye nyumba peke yake, na mie nilimwambia kwa mdomo wangu huu huu.

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naisikia kutoka hapa barazani. Wewe na mama yako mpo ndani mnapigana na zipu ya begi. Yeye anasema toa viatu, wewe unasema toa unga. Ni nani kakwambia Waarabu hawana unga? Lakini siingilii. Habari ya pasipoti usimpe mtu, habari ya kula kwenye ndege, habari ya kupiga simu ukifika, yote mama yako ameshakuhubiria tangu juzi na atarudia kesho mlangoni. Mie pasipoti sijawahi kuishika ila hiyo ya kwako, na niliishika kama mtu aliyepewa yai abebe kwenye pikipiki. Sina la kukufundisha huko.

Nilicho nacho ni habari ya barafu.

Hukunijua nikiwa kijana, na picha hakuna, ila amini kwamba nilikuwa mzuri. Nilikuwa mbeba barafu pale soko la samaki. Magogo ya barafu yakishushwa garini, sie tunayakimbiza begani, maji yanatuchuruzika mpaka kwenye suruali, watu wanadhani tumejikojolea. Kwenye banda yanapangwa, yanamwagiwa maranda, yanafunikwa magunia, kisha yanaachwa. Tajiri wetu alikuwa mtu mfupi mwenye kelele. Akikukuta umefunua gunia kuchungulia tu, umefukuzwa, hata kama jana ulimzika naye mama yake. "Baridi ikishatoka haijui njia ya kurudi!" Alikuwa anapiga kelele hivyo kutwa. Nikaishika ile habari nikaiweka kichwani, na kwa kuwa kichwani kwangu darasa la tano ndilo lilikuwa limekaa peke yake, ilipata nafasi kubwa sana.

Sasa ona mtu anaweza kubeba jambo moja miaka yote akidhani ni elimu.

Mama Neema alipojenga zile apatimenti zake nne njia ya Kimbiji, mie ndiye niliyelinda saruji. Alipozimaliza akasema, Mzee Mbwana, kaa hapa uwe msimamizi, mie narudi kwangu Mwanza. Nikasema nina binti, amemaliza form four, anajua simu, anajua kufua, anajua kunijibu vibaya. Akacheka akakuchukua. Ile siku nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani ili nikutane na watu wengi njiani niwaambie.

Kazi yenyewe unaijua, lakini niache niisimulie, kesho sina wa kumsimulia. Wageni wanatoka mjini Ijumaa na mabarafu yao na watoto wao, wanaondoka Jumapili. Jumatatu mpaka Alhamisi nyumba ni tupu. Na mgeni wa Dar akilipia AC basi anailipia kweli. Anaishusha mpaka kumi na sita, anafungua mlango wa veranda asikie bahari, anajifunika blanketi. Akiondoka anaiacha hivyo hivyo inalia. Mashine inapoza mchanga wa ufukweni.

Mama Neema akapiga simu, ukaiweka sauti ya juu.

"Mzee, wageni wametoka Jumapili. Mbona umeme umeisha Jumatano? Nani analala mle?"

"Hamna mtu, mama."

"Sasa nampozea nani?"

Tatu, lile swali nililipenda. Nikalibeba kila mahali. Mama yako akiwasha taa uani, namuuliza unammulikia nani. Jirani akifungulia redio akaenda dukani, namuuliza unamwimbia nani. Mpaka ukaniambia, "Baba, na wewe unaongea na nani?"

Yule mama hakutuacha hivi hivi. Alitufundisha, na alifundisha vizuri, leo nakubali. Alisema wageni wakitoka, fungeni madirisha na mlango wa veranda, vuteni mapazia ya upande wa jua, kisha pandisheni AC mpaka ishirini na sita. Wakati wa mvua iwekeni kwenye ile alama ya tone la maji kwa muda kila siku, inakausha hewa na haili umeme mwingi. Msizime kabisa wiki nzima, hapa ni pwani, nyumba itaoza. Wewe ukaandika kwenye simu yako. Mie nikatingisha kichwa kama mtu anayesikiliza.

Moyoni nikasema, huyu mama ni wa ziwani, bahari kaijua jana. Ishirini na sita ya nini na nyumba haina mtu? Si ni yale yale ya kumpozea nani? Nikakumbuka banda la barafu.

Mgeni akiondoka, ile baridi aliyoiacha ni mali. Imeshalipiwa. Kwa nini niiache itoke kisha ninunue nyingine? Basi nikawa nafunga. Madirisha, mapazia yote, tundu la hewa la chooni nikalijaza gazeti. Chini ya milango nikasokomeza matambara, yale ya kanga zako kuukuu ulizokuwa unapigia deki. Kisha nazima meni swichi, naondoka taratibu kwa vidole, kama nimemlaza mtoto. Nilikuwa nahifadhi baridi ya mgeni wa Ijumaa iliyopita kwa ajili ya mgeni wa Ijumaa ijayo.

Cheka. Hata mie nikiwa peke yangu huwa nacheka, ila sifiki mwisho wa kicheko.

Ulinigombeza. Nataka ijulikane kwamba ulinigombeza, maana baadaye ulivyoongea ilikuwa kama hukusema kitu.

"Baba, Mama Neema kasema ishirini na sita."

"Mama Neema yuko Mwanza."

"Kasema mvua zikija tuweke kwenye tone."

"Tone gani? Hii? Hii alama ya maji inakausha? Wewe form four ulisomea chini ya mti gani? Hii ukibonyeza inamwaga maji kwenye zulia, mwone!"

"Baba, mle ndani kunanuka."

"Kunanuka umeme uliobaki."

"Kunanuka soksi."

"Soksi za nani, na nyumba haina mtu?"

Nikaziokota rimoti zote nne nikazitia kwenye mfuko wa kanzu, nikawa natembea nazo. Hata msikitini. Shehe akidhani tasbihi, kumbe baridi ya Mama Neema.

Na ubaya wa mambo, ilikubali. Ule wakati wa joto kali, hewa kavu, jua linachoma mpaka mabati yanalia, matambara yangu hayakuleta dhara. Umeme ukashuka. Mama Neema akapiga simu anacheka, "Mzee Mbwana umefanyaje? Umewaroga wageni wangu?" Nikamwambia ni siri ya kazi. Akasema, kama wasimamizi wote wangekuwa kama wewe. Uliisikia, sauti ilikuwa juu. Niliirudia pale kwenye benchi la kahawa mpaka watu wakawa wakiniona wanahama na vikombe vyao.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa, mwanangu, kabla ya mvua. Kosa ningeweza kulirekebisha, kama mtu angenitukana mapema. Lakini nilishasifiwa. Mtu aliyesifiwa kwa jambo asilolijua anakuwa kiziwi. Wewe ulikuwa unaniambia kunanuka, mie nasikia "kama wasimamizi wote wangekuwa kama wewe." Siku wakikusifu huko uendako, furahi, kula vizuri, lakini kesho yake amka mapema ukaangalie upya ulichokifanya. Mie sikwenda kuangalia.

Masika ikaanza. Barabara ikawa tope, wageni wakakata safari, nyumba zikakaa tupu wiki juu ya wiki, zimefungwa, zimezibwa, hakuna hata sindano ya hewa. Kisha ikaja ile familia ya Mbeya, kijana na mkewe na mama yake mzee, walishalipia tangu zamani na mvua haikuwatisha. Nikafungua apatimenti ya chini asubuhi ile wanayokuja.

Unakumbuka ulivyosimama? Mie nakumbuka mgongo wako. Ulisimama mlangoni na ndoo, hukugeuka kuniangalia. Ukuta ulikuwa na madoa kama chui. Mapazia yameota unga. Godoro ukilibonyeza linatoa pumzi ya kaburi. Na kile kinyago cha sebuleni kilichotoka soko la Mwenge, yule babu wa mpingo anayeegemea mkongojo, alikuwa ameota ndevu za kijani, kanishinda ndevu. Nilisema hivyo, unakumbuka? Nilisema, "Angalia, huyu kanishinda ndevu." Hukucheka. Tangu uzaliwe ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimekosa kukuchekesha, na nikajua mambo ni makubwa.

Ukasema tu, "Baba, tufungue madirisha yote, kisha nimpigie Mama Neema awaambie wasije."

Nikasema, "Wasije? Wageni wako njiani wewe unataka wasije?" Mie ni mtu wa pwani. Mgeni akija nyumba haifunguliwi madirisha, inafukizwa. Wewe ukaanza kusugua ukuta kwa siki, mie nikakimbilia nyumbani nikachukua chetezo cha mama yako na udi wake wa harusini, ule anaouficha nyuma ya kabati akidhani siujui. Nikafukiza ile nyumba, madirisha yamefungwa ili harufu ikae. Moshi ukajaa. Kisha nikawasha AC, kumi na sita, wageni wakute baridi. Ile mashine ikachukua udi na ukungu ikavisaga pamoja ikawapulizia.

Yule bibi alikohoa usiku kucha. Alfajiri nimetoka swala nawakuta wamesimama uani na mabegi. Yule kijana ana adabu, sijui kwa nini watu wengine wana adabu wakati kama ule, wangetukana tu.

"Shikamoo, mzee. Hii nyumba imefanywa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Imefukizwa udi, kwa heshima yenu."

"Mama yangu hawezi kuvuta pumzi."

Nikamwangalia yule bibi. Ni wa umri wangu. Ameshika nguzo ya veranda kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Akaniambia, kwa shida, "Asante kwa ukarimu, baba." Akamaanisha. Hiyo asante ndiyo inayoniamsha.

Wewe ndiye uliyetafuta bajaji, wewe ndiye uliyepiga simu kila siku kuulizia, na wewe ndiye uliyeniambia ametoka hospitali kapona. Alhamdulillahi. Lakini picha za ukuta na lile babu la ndevu za kijani zilishawekwa mtandaoni na nyota moja. Kila anayetafuta nyumba ya mapumziko Kigamboni anakutana kwanza na babu yule.

Mama Neema akaja. Nilitegemea kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akaingia na leso puani, akazunguka vyumba vyote kimya, akarudi mlangoni, akainama, akavuta tambara lililobaki chini ya mlango. Akalikunjua. Kanga yako ile ya zambarau, nusu yake.

"Nani kaziba hivi?"

"Mie, mama," nikasema.

"Mzee, usimbebe mtoto."

"Wallahi ni mie."

"Mzee Mbwana, wewe kuapa ni salamu yako. Uliniapia kwamba papa kaingia kwenye bwawa la jirani." Akatabasamu kidogo, kwa huzuni. Alinionea huruma, mwanangu. Aliona mzee anajitolea kwa ajili ya binti yake, akaona ni jambo zuri. Hakuona kitu kingine.

Hapo ndipo ukasema. Ulikuwa unaangalia sakafu.

"Ni mie, mama. Baba hata rimoti hajui kuiwasha."

Zilikuwa mfukoni kwangu, Tatu. Zote nne. Nilizisikia zinanigonga pajani. Nilichotakiwa kufanya ni kuingiza mkono kwenye mfuko nikazitoa nikaziweka mezani, basi, hata mtu wa Mwanza angeamini. Mdomo ulishasema. Mkono haukwenda. Nimejiuliza sana kwa nini mkono haukwenda, na jibu ninalo, ila sio zuri: ulivyosema vile, kuna mahali ndani yangu palipumua. Sekunde moja tu. Nikawaza, basi nitabaki na kazi. Ulinitazama, ukaona ninavyopumua, ukatazama tena chini. Uliona. Tusidanganyane usiku wa leo.

Kesho yake nilimpigia simu, nikamwambia rimoti nilikuwa nazo mie, nikamwambia habari ya barafu na maranda yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, nimekuelewa. Mungu akulipe kwa moyo huo." Akakata. Nilimpigia tena nikiwa nalia, na hilo ndilo lililoharibu kabisa. Baba anayelia nani atamwamini?

Wenye nyumba wana kundi lao kwenye simu, na habari ya kufukuzwa kwako ilishaingia humo. Ulikwenda Mjimwema, ukaenda Gezaulole, ukavuka mpaka upande wa Kinondoni. Unarudi jioni unavua viatu, mama yako anauliza vipi, unasema, "Wameniuliza kama mie ndiye wa ukungu." Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ukaomba chai. Miezi imepita hivyo. Kisha ukaja na ile karatasi ya wakala wa Maskati, kusafisha majumba ya kupangisha, mkataba miaka miwili, na hukuniuliza. Zamani ungeniuliza hata kama hutaki jibu.

Mie bado nina kazi, hilo nalo ukalicheke ndani ya ndege. Mama Neema amepaka rangi upya, ameweka kidude cheupe ukutani kila chumba, kinapima joto na unyevu chenyewe, yeye anakiangalia kwa simu akiwa Mwanza. Hakitaki mtu. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nje, naambiwa mlinzi. Kikiona mle ndani pamekuwa na unyevu, mashine inawaka, inavuma kidogo kwa upole, inazima. Ishirini na sita, kama alivyosema tangu mwanzo. Mara ya kwanza niliposikia inawaka peke yake niliruka nikasema hodi.

Ila wageni hawaji. Nyumba nne, kavu, safi, vitanda vimetandikwa na mtu mwingine, na hakuna mtu. Umeme unaotumika ni ule wa kidude na mashine zake tu, na taa ya geti. Mama Neema halalamiki tena kuhusu luku. Nimeokoa umeme wote uliokuwa unaweza kuokolewa pale, mwanangu. Kazi imekamilika.

Yule binti wa jirani aliyetangulia Maskati alikuonyesha kwa video, nami nikachungulia begani kwako. Korido ndefu, milango imefungwa, vyumba havina watu, na kila chumba baridi inavuma mchana na usiku, madirisha yamelia jasho kwa nje. Akasema hawazimi, tajiri akija ghafla akute baridi. Ukanigeukia ukaniambia, "Baba, kule ungekufa." Hilo ndilo neno la mzaha la mwisho uliloniambia, na ni zaidi ya mwezi sasa. Nimelitunza.

Usizime, Tatu. Nakujua, utapita kwenye zile korido usiku na mkono utakuwasha. Waache wapoze majini yao. Sio nyumba yako na umeme sio wako, na binti wa kazi aliyegusa asichoambiwa hapati wa kumsikiliza kule.

Na lile ulilofanya mlangoni usilirudie. Hili nalisema bila mzaha hata kidogo, tafuta mzaha humu hutauona. Kule kitu kikivunjika, kikipotea, kikioza, wataangalia nani ameinamisha macho. Usiinamishe. Usiseme "ni mie" kwa ajili ya mtu yeyote, hata akiwa mzee, hata akiwa analia, hata akikukumbusha mtu. Ulishambeba mmoja, na hakustahili, na tazama umefika wapi naye. Inatosha kwa maisha yako yote.

Nilikuwa nataka kuandika hapa kitu cha kutia moyo. Mama yako kasema kabisa, "Mwandikie kitu cha kumtia moyo, sio upuuzi wako." Nimekaa na kalamu mpaka mbu wakanizoea. Sina. Wanasema miaka miwili inapita kama upepo. Wanaosema hivyo wana watoto wengine. Wewe jina lako lenyewe linaeleza wangapi walikuja kabla yako, na hakuna aliyekaa hata akaweza kunijibu vibaya. Wakala anasema mkataba ukiisha unaweza kurudi. Sikulipenda lile "unaweza". Na ukirudi urudi wapi? Kwa wenye nyumba wale wale? Nimelizungusha hili jambo kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta kwa kupapasa, sijauona. Kama upo utauona wewe, una macho. Mie nitakuwa kwenye kiti cha plastiki.

Mama yako sasa amenyamaza humo ndani, nadhani zipu imekubali. Au analia. Siingii.

Najua hesabu yetu mie na wewe ilivyokaa, najua nani mwenye deni. Lakini kuna fadhila moja ndogo nakudai mie, na usijifanye umesahau. Ile asubuhi uliyorudi kwenye ngoma ya singeli kule Mbagala umevaa viatu vipya vya mama yako, kisigino kimoja hakipo. Nilikukuta getini umevishika mkononi, umepauka. Nikakwambia pita nyuma, oga, lala. Nikamwambia mama yako nilikuwa natafuta koroboi gizani nikavikanyaga. Mpaka leo mwanamke yule anaficha viatu nikipita. Ukaniambia, "Baba, hii nitakulipa."

Nilipe sasa. Hii barua nitaiweka juu ya begi lako uisome kabla gari la wakala halijaja. Likija, mie nitakuwa kitandani, nimejifunika shuka, nimegeukia ukuta. Sitakuwa nimelala, tangu lini mie nikalala alfajiri. Mama yako atasema, mwamshe baba yako umuage. Mwambie, muache mzee, kalala kachoka. Kisha toka, Tatu, usije kunishika bega.

Baba yako